Chozi wa San Diego

Ukimweka chozi wa Tanga karibu na ndege mvumaji wa California, utaapa kuwa ni ndugu. Wote wadogo, midomo mirefu na myembamba, ulimi wa kunyonyea nekta ndani ya maua, manyoya ya madume yanameta kama mafuta juu ya maji. Lakini si ndugu. Wavumaji, aina zaidi ya 300, wanaishi katika mabara ya Amerika tu, na jamaa zao wa karibu ni teleka, wale wenye mabawa kama mundu wanaoshinda angani wakikamata wadudu. Chozi, ambao wapo Afrika, Asia na hadi Australia, ukoo wao uko karibu zaidi na shomoro. Kila ukoo ulikuta kwao maua yenye nekta, na kazi ileile ikawachonga, kizazi baada ya kizazi, mpaka sura zikalingana.

Kufanana huko kumeleta ubishi nyumbani kwetu San Diego. Nje ya dirisha la jikoni tuna mshubiri, mmea ambao jamii yake nyingi asili yake ni Afrika. Ukitoa maua wakati wa baridi, mvumaji mwenye koo la waridi huja kunywa. Bibi yangu, aliyezaliwa Tanga, humwita chozi. (Si chozi la jicho, ingawa mdogo wangu aliwahi kuuliza kwa nini ndege analia.) Mimi nasema ni mvumaji.

Charles Elton, mwanaikolojia Mwingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1927 kwamba nafasi ya mnyama ni kile anachofanya katika jamii yake. Bibi hajamsoma Elton, lakini wako upande mmoja. Jirani yetu kutoka Mexico, aliyenilea nilipokuwa mdogo mama akiwa kazini, Bibi anamwita shangazi yangu. Hapo simbishii.

Kwa ndege nilikuwa na hoja nzuri zaidi, nilidhani. Bega la mvumaji linazunguka, bawa linasukuma hewa likienda mbele na likirudi nyuma, kwa hiyo anasimama hewani kama aliyetundikwa. Chozi hupenda kutua kwanza ndipo anywe. Basi, kazi moja, mitindo miwili. Halafu nikasoma habari za mti mmoja wa jamii ya tumbaku, Nicotiana glauca, kutoka Amerika Kusini. Maua yake hayana pa kutua vizuri, kwa sababu wanywaji wake wa kwao ni wavumaji. Mti huo ulifika Afrika Kusini ukasambaa, na huko watafiti wamewaona chozi wakielea hewani mbele ya maua yake. Kumbe wanaweza! Ua la kigeni limewafanya wafanye kazi kwa mtindo wa Amerika. Habari hii sikumwambia Bibi kwa wiki nzima, maana ilimpa nguvu yeye.

Ninachoshikilia hasa ni mdogo wangu. Ana miaka sita, na kila mvumaji akipita anapiga kelele, "Chozi!" Chozi mwenyewe hajamwona hata siku moja. Siku atakayefika Tanga, neno litakuwa limeshachukuliwa, na ataona ndege wa kule kama nakala ya ndege wa huku, wakati jina ni la yule wa kule. Maneno ya Kiswahili aliyonayo si mengi. Sipendi kuona moja linahama.

Nilimweleza Bibi hivyo. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Akifika Tanga amwone," akasema, "atamwitaje?"

"Chozi."

"Sasa atakosea wapi?"