Kutia Sahihi ni Kutoa Ushahidi



Sikukuu ya Idi iliyopita ilitukuta kwetu Dutwa, tulikokwenda kuwaamkia wazee baada ya kukaa mbali nao muda mrefu. Msafiri atokaye Mwanza huiacha barabara ya Musoma pale Lamadi akashika njia ya Bariadi, na kabla ya kufika Bariadi huikuta Dutwa yetu, nchi ya pamba na ng'ombe. Tulipokwisha sali na kula, mzee wetu mmoja, ambaye amelima pamba umri wake wote, alitukalisha karibu naye akatuuliza: "Mwanangu, watu wasema wewe ni mhandisi mkubwa. Mjenga daraja twaliona daraja lake, na mchimba kisima twayanywa maji yake. Wewe wajenga nini?"

Swali hilo lilitushinda kwa kitambo. Miaka mingi tumefanya kazi ya uhandisi wa mitambo katika ujenzi wa vituo vya data, na leo tumepewa cheo cha mhandisi mwandamizi, tukiwa na vijana wengi chini yetu. Lakini hatukuwa tumepata kumweleza kazi hiyo mtu asiyeijua. Tuliyomwambia mzee twaona yafaa tuwaambie na wasomaji wetu, kwani vijana wengi hupenda kujua habari za kazi hizi mpya, na tena limo ndani yake jambo moja limpasalo kila Mwislamu, awe mhandisi au asiwe.

Mtu anapomtumia mama yake fedha kwa simu kutoka Dar es Salaam hata Dutwa, hesabu ya fedha hizo haikai ndani ya simu. Huandikwa katika kompyuta ziitwazo seva, nazo seva hukusanywa kwa mamia na maelfu ndani ya nyumba maalumu. Nyumba hiyo ndiyo kituo cha data. Taifa letu linacho kimoja Kijitonyama, Dar es Salaam, na vingine vipo Nairobi, Mombasa na Kampala. Tangu nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, haja ya nyumba hizi imezidi kukua.

Seva hula umeme, na umeme wote ziulao hugeuka kuwa joto. Kabati moja la seva, ambalo si kubwa kupita kabati la nguo, laweza kula kilowati 5 hadi 10, yaani joto la pasi tano hadi kumi ziwakazo mchana na usiku bila kuzimwa. Na hewa iingiayo katika seva hutakiwa iwe baina ya nyuzijoto 18 na 27. Basi kazi yetu sisi watu wa mitambo ni kulitoa joto hilo nje, kwa mitambo ipozayo maji, kwa pampu na mabomba, na kwa mashine zipulizazo hewa baridi mbele ya makabati na kuivuta hewa ya moto nyuma yake. Ikiwa mitambo mitatu yatosha, sisi huweka minne, ili mmoja ukiharibika kazi isisimame.

Mzee alisikiliza, kisha akasema: "Hii naijua. Ni kazi ya mtu wa ghala. Pamba iliyolowa ukiirundika hupata joto ndani kwa ndani. Juu waiona nyeupe, na ndani yaungua."

Maneno hayo yalituchoma, kwani yalitukumbusha jambo ambalo hatukuwa tumelisimulia nyumbani. Tukamsimulia.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukimaliza kituo kimoja katika mji mmoja wa pwani. Kabla ya kituo kukabidhiwa kwa mwenyewe, sharti kijaribiwe. Seva huwa hazijaingia bado. Mahali pake huwekwa mahita makubwa yatoayo joto kama lake. Kisha umeme wa gridi hukatwa makusudi. Betri hushika kazi papo hapo, na jenereta huwaka baada ya sekunde chache. Lakini mtambo wa kupozea maji ukizimika hauwezi kurudi kazini mara moja, huhitaji dakika kadhaa. Katika dakika hizo chumba huokolewa na maji baridi yaliyowekwa akiba katika tangi, yakisukumwa na pampu zitumiazo umeme wa betri.

Usiku ule umeme ulikatwa, jenereta zikawaka, pampu zikazunguka, na joto likapanda. Nyuzi 24 zikawa 27, nyuzi 27 zikawa 33, na bado zikipanda, hata tukaamuru mahita yazimwe. Tulipochunguza tuliona kuwa vali moja ya lile tangi la akiba imefungwa nyaya kinyume. Ilipopasa kufunguka, ilijifunga, na maji baridi yakabaki ndani ya tangi yasimfae mtu.

Tukataka karatasi ya ukaguzi wa vali hiyo. Ilikuwa imeandikwa kwamba vali imejaribiwa mara tatu na mara zote imefunguka vyema. Chini yake palikuwa na sahihi ya kijana mmoja fundi, na chini ya sahihi ya kijana palikuwa na sahihi yetu. Tukaikumbuka jioni yenyewe. Karatasi zaidi ya arobaini zilikuwa mezani, magharibi imekaribia, na kijana akatuambia: "Zote ziko sawa, Mhandisi." Tukazitia sahihi zote bila kwenda kuitazama hata vali moja.

Kulipokucha, msimamizi wa mradi, ambaye alikuwa amekwisha ahidi siku ya ufunguzi, alitupa shauri la namna mbili. Kwa mwenye mali, tuandike kwamba jaribio limefaulu, na vali itengenezwe baadaye kimyakimya. Na ndani ya kampuni, yule kijana aondolewe kazini, maana lazima apatikane wa kubeba lawama.

Hatutaki kujisifu mbele ya wasomaji. Twakiri kwamba nafsi yetu ilivutwa. Tulikuwa na ada za watoto za kulipa, na cheo kilikuwa bado kipya. Lakini kila tulipoishika kalamu, swali moja lilitusimama kooni: tuliona, au hatukuona? Sisi tuliokula kiapo cha wahandisi mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi tulikuwa tumekwisha shuhudia mara moja jambo ambalo jicho letu halikuliona, na sasa twatakiwa tushuhudie la pili ambalo jicho letu limeliona kuwa ni uongo. Tukaandika kwamba jaribio halikufaulu, tukataja vali na kasoro yake, tukaongeza kwamba kijana alikosea, lakini aliyeupitisha ukaguzi bila kutazama ni sisi.

Ufunguzi ulicheleweshwa wiki tatu. Tulipewa barua ya onyo, na marupurupu ya mwaka ule tukayakosa. Kijana alibaki kazini. Vali zote zikakaguliwa upya, sisi wenyewe tukizigusa moja moja, na mbili nyingine zikaonekana zimefungwa kinyume vilevile.

Mtu aweza kusema, kwani madhara yake yangekuwa nini? Tarehe 19 Julai 2022 joto la Uingereza lilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu lianze kupimwa. Siku hiyo upozaji ulishindwa katika vituo vya data vya hospitali mbili mashuhuri za London, Guy's na St Thomas', na kompyuta zake zikazimika. Madaktari wakarudi kuandika kwa karatasi, wagonjwa wengine wakaahirishiwa matibabu, na kazi ya kurudisha mambo ilichukua majuma. Joto halichagui. Likikosa pa kutokea, humfikia mgonjwa kitandani ambaye hajui hata kama seva ni kitu gani.

Tulipomaliza, mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hiyo ni pamba ya maji."

Kila mkulima wa kwetu ajua maana yake. Wako watu ambao, kabla ya kupeleka pamba mizanini, huinyunyizia maji au kuitia mchanga ili uzito uzidi. Mnunuzi hupunjwa, pamba huharibika ghalani, na jina la pamba ya nchi nzima hushuka. Mzee akatukumbusha kisa ambacho wengi wetu tumekisikia tangu madrasa, jinsi Mtume wetu (S.A.W.) alivyopita sokoni, akalikuta fungu la nafaka lililo kavu kwa juu, akautia mkono wake ndani, na vidole vikatoka na umajimaji. "Hakuridhika na kutazama juu," alisema mzee. "Alitia mkono."

Nasi tangu siku hiyo hatuna neno jingine la kuwafundishia vijana walio chini yetu. Karatasi ni juu ya fungu. Vali ndiyo nafaka yenyewe. Atakaye kutia sahihi, na atie mkono kwanza.

Enyi vijana wa Dutwa na wa kwingineko, kazi hizi zipo na zinawangojeni. Shikeni hisabati na fizikia, wala msidanganywe na mtu kwamba si kazi za watoto wa wakulima. Nanyi wazazi, msitosheke na mtoto aletaye alama nzuri. Mfundisheni pia kusema "sikuona" pale asipoona, hata kama neno hilo litamgharimu. Mhandisi asiyejua hufundishwa akajua, lakini ashuhudiaye asichokiona ni hatari zaidi kadiri elimu yake inavyozidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono isiyoogopa kuingia ndani ya fungu, na kalamu zisizotangulia macho. Amin.