Kwa nini likelemba yetu ingali na daftari

Wamama wapendwa, wengi mmetuuliza kwa nini hesabu ya likelemba inaandikwa kwenye daftari na tena kwenye kompyuta. Sisi walimu wawili tuliopewa kazi hiyo tunawajibu leo.

Tumeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Ndani yake mna kitu kinachoitwa kamusi: upande mmoja unaweka jina la mama, upande wa pili kiasi alicholeta. Ukiita jina, kiasi kinakuja. Jumamosi ya kwanza tuliingiza wamama 23, tukafurahi kama watoto. Umeme ukakatika. Uliporudi, hakuna kitu! Kumbe kamusi inaishi tu wakati programu inafanya kazi.

Basi tukajifunza kuiweka kwenye faili. Kwanza tuliiandika kama maneno ya kawaida. Tulipoisoma tena ukarudi mstari mrefu wa herufi, si kamusi, na kuita jina la mama kulileta kosa tu. Kisha tukapata JSON, namna ya kuandika inayorudisha kamusi yenyewe. Amri ni mbili: json.dump ya kuweka, json.load ya kurudisha. (Siku moja tuliweka kabla ya kurudisha, tukafuta ya zamani yote. Faili ikifunguliwa kwa herufi "w" inasafishwa kwanza.)

Lakini lililotuumiza ni jingine. Tuna wamama wawili ambao watoto wao wa kwanza wana jina moja, basi wote wawili tunawaita vilevile. Kamusi haishiki jina moja mara mbili: kiasi cha pili kinafuta cha kwanza, kimya kimya. Na faili ikalitunza kosa letu vizuri sana. Siku ya kugawa, tulimwambia mmoja wao mbele ya wote kwamba hakulipa. Alinyamaza, akaketi. Daftari ndilo lililomtetea: tarehe, kiasi, na sahihi yake.

Jioni tulikwenda kwake kuomba samahani. Alitupokea, lakini chai hatukumaliza.

Sasa kila mama ana namba ya kadi, na hiyo ndiyo tunayoweka mahali pa jina. Jumamosi ijayo tutasoma faili kwa sauti, mama yule akiwa ameshika daftari.