Betri za Baba

Kabla sijaenda mbali ningependa mjue kwamba haya ninayoyaandika baba yangu anayajua tayari. Nilimwambia mwenyewe. Kwa hivyo asiwepo wa kukimbia nyumbani kwetu na jarida hili mkononi!

Sisi twakaa hapa Wabera, na nyumbani kwetu stima ya nguzo haijaingia. Mbele ya nyumba baba ana kibanda cha kinyozi. Humo ndimo watu huchajisha simu zao pia, hasa wachungaji wanaokuja mjini kuuza mifugo. Kazi yote inaendeshwa na sola: paneli mbili juu ya mabati, betri mbili za 100Ah zilizounganishwa pamoja, na kijisanduku ukutani kiitwacho kontrola. Betri hizo baba alizinunua mwezi wa Machi 2025 baada ya kuuza mbuzi watano. Akko, yaani nyanya yangu, alinung'unika wiki nzima kwamba mbuzi huzaa lakini betri haizai.

Fundi aliyezifunga ni mzee wa mtaani, mtu wa maneno machache. Mimi nilimshikia tochi. Alikaa karibu saa nzima akibonyeza vitufe vya kontrola na kupima kwa mita yake. Aliniambia kontrola ni bawabu mwenye milango miwili. Betri ikijaa, hufunga mlango wa juu ili paneli zisizidi kuisukumia moto hadi maji yake yatoe mapovu na kukauka. Betri ikishuka, hufunga mlango wa chini, na taa zote zikazimika. Kutoka kiwandani mlango wa chini ulikuwa volti 10.7. Yeye akaupandisha hadi 11.6. Ule wa juu ulikuwa 14.4, akaushusha hadi 14.1. Nikamwuliza mbona anapunguza, si ndiyo betri haitajaa? Akasema kipimo cha kiwandani ni cha joto la nyuzi 25, na chini ya mabati ya Isiolo betri hufika 35 bila taabu. Betri yenye joto hujaa kwa volti ndogo kidogo.

"Na usiguse hapa, kijana," akamalizia.

"Sawa, mzee," nikaitikia.

Mwezi wa Agosti ukafika, na pamoja nao CHAN, michuano iliyochezwa hapa kwetu Kenya, Tanzania na Uganda. Usiku mmoja tuko kwenye mechi, TV ikazima pap! Nilijua ni ule mlango wa chini. Baba alikuwa msikitini. Nikapanda kwenye ndoo, nikabonyeza vitufe jinsi nilivyomwona fundi akifanya, nikashusha nambari mpaka 10.0. TV ikawaka. Lo! Nilijiona mhandisi. Tarehe 22 Agosti, Harambee Stars walipotolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, majirani walijaa kwetu hadi mlangoni na picha haikukatika hata mara moja. Baba akamsifu fundi mbele ya watu. Mimi nilinyamaza nikitazama chini.

Nambari ile sikuirudisha. Mwanzoni nilisema nitairudisha mashindano yakiisha, halafu nikasahau, halafu nikakumbuka nikaogopa.

Kufikia Desemba mambo yaliharibika. Betri zilisema zimejaa saa nne asubuhi, na jua likitua tu zinakufa. Siku moja mashine ya kunyoa ilizima katikati ya kazi, mteja akabaki na nywele upande mmoja. Alicheka, lakini hakurudi. Wa simu nao wakahamia kibanda cha ng'ambo. Baba alimwendea fundi, akamwambia mbele ya watu kwamba amemuuzia betri kuukuu zilizopakwa rangi. Mzee akaomba aje azitazame. Baba akakataa katakata. Habari kama hiyo haichelewi mtaani. Nilisikia kwamba watu wawili waliokuwa wamempa kazi walimtafuta fundi mwingine.

Mimi nilijua. Usingizi ukawa haba.

Mwaka huu tulipofungua shule nilitoa daftari langu la fizikia la kidato cha pili. Betri za asidi tulizisoma, tena nilipata swali lile kwenye mtihani! Chaji inapotumika, mabamba ya risasi hujifunika salfeti. Ukiichaji mapema salfeti huondoka. Ukiiacha betri chini siku baada ya siku, salfeti hugeuka mawe magumu yasiyotoka tena. Yote nilikuwa nimeyaandika kwa mwandiko wangu mwenyewe. Wiki hiyohiyo mwalimu alitueleza jinsi jirani zetu wa Meru walivyoanza mapema: mwaka wa 1984 Harold Burris na mwalimu Mark Hankins, wote Wamarekani, waliweka sola katika shule ya harambee ya Karamugi, na mafundi wa huko wakafunzwa kazi hiyo. Aliposema neno "mafundi" nilimwona yule mzee wetu.

Jioni nilimwambia baba. Sikupigwa, ingawa nilikuwa tayari. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa, kisha akavaa kofia yake akasema, "Twende."

Mzee alikuwa kwake akitengeneza redio. Baba alimwomba msamaha mbele ya watoto wa mzee, nami nikaomba wangu. Mzee alisema tu, "Kesho nitakuja na mita."

Akaja. Alizitenganisha betri, akazichaji kila moja peke yake kutwa nzima, akaziacha zikapumzika usiku. Asubuhi moja ilisoma 10.5. Alinitazama akiningoja niseme mwenyewe. Betri ina vyumba sita vya volti mbili na kitu. Kimoja kilikuwa kimekufa. Hiyo imekwisha. Ya pili ilisoma 12.4, basi inaweza kusukuma mashine ya kunyoa na simu chache, si TV. Baba aliuliza kama aongeze mpya kando yake. Mzee akakataa, akasema betri kuukuu huivuta mpya chini. Bora angoje anunue mbili pamoja. Akko aliuliza ni mbuzi wangapi safari hii.

Sasa baba humwambia kila anayekaa kwenye kiti cha kinyozi kwamba kosa halikuwa la fundi. Hunitaja pia, jambo ambalo si tamu.

Kabla ya kuondoka siku ile, mzee alinionyesha ukutani. "Weka wewe," akasema. Nilipanda kwenye ndoo ileile. Nikabonyeza, 10.1, 10.2, 10.3, baba akiwa nyuma yangu akihesabu kwa sauti, mpaka 11.6.