Propela ya Abti

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu darasa la sita bila kuujua uzito wake. Aliyenifunza maana yake si mwalimu bali ni gari la mjomba wangu, katika likizo ya Agosti mwaka jana.

Mjomba wangu, ambaye sisi humwita Abti kwa Kisomali, ana pikapu kuukuu aina ya Toyota Land Cruiser. Kila alfajiri huenda upande wa Balambala kuchukua maziwa ya ngamia na kuyaleta sokoni Garissa. Maziwa hayo ndiyo yanayonunua unga nyumbani, na ndiyo yanayonilipia karo. Kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kufunga madumu, na kila Ijumaa kuingia chini ya gari na pampu ya grisi.

Siku hiyo tulikuwa tumebeba kupita kiasi: madumu tele, mbuzi 6 na abiria 4 juu yake. Tulipofika kwenye laga moja, magurudumu yakazama mchangani. Abti akatia gia ya kwanza, akakanyaga mafuta. Mara tukasikia kang! kang! kang! Propela, yaani lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa imeng'oka upande mmoja.

Abti hakusema neno. Aliifungua propela yote akaitupa nyuma ya gari, akatia gia ya magurudumu manne, nasi tukachimba na kusukuma mpaka magurudumu ya mbele yakatutoa. Tuliingia mjini saa saba mchana, tukivutwa na magurudumu hayo ya mbele peke yake. Maziwa mengi yalikuwa yamechachuka, tukayauza kwa hasara.

Gereji yenyewe ilikuwa kivuli cha mwarobaini. Abti alimwuliza fundi kama kuna propela nene zaidi, ya lori, ambayo haitavunjika tena. Fundi akasema ipo na inaweza kukatwa ikatosha, lakini bei yake ilinitia baridi juani: ilikuwa karibu sawa na karo yangu ya muhula wa tatu. Hata hivyo nilidakia, "Abti, weka hiyo nene! Hata magari ya Safari Rally huwekwa vyuma vya nguvu." Tangu mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 kule Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, nilijiona mtaalamu.

Fundi alicheka. "Kijana wangu, gari la mashindano kila kitu ndani yake ni kinene, na mafundi wanalingoja. Hili ukilitia propela nene na mengine uache vilevile, siku likikwama ile nguvu itaenda wapi? Itatafuta kilicho dhaifu. Leo imevunjika krosi, hiyo ni pesa ya mbuzi. Kesho itavunjika difu, na difu itakula ngamia."

Kisha akatuonyesha hiyo krosi. Ni kipande kidogo chenye umbo la alama ya kujumlisha, na kila ncha ina kikombe kilichojaa visindano vyembamba vya chuma. Visindano vyetu vilikuwa vikavu, vimegeuka vumbi jekundu la kutu.

"Hii imekufa kiu," akasema. "Nani hupaka grisi?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojua kwa nini nilikuwa naitaka sana ile propela nene. Nilitaka ionekane kwamba kosa ni la chuma. Ijumaa 3 mfululizo nilikuwa nimeenda kucheza kandanda, na pampu ya grisi haikutoka stoo. Ningenyamaza, Abti angenunua ile nene, na siri yangu ingezikwa pamoja na karo yangu.

"Abti, ni mimi," nikasema huku nikitazama chini. "Sijapaka grisi wiki 3."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilingoja kofi, halikuja. "Na mimi nimebebesha pikapu mzigo wa lori," akasema. "Fundi, weka krosi mpya 2, ya mbele na ya nyuma. Hiyo nene wacha."

Muhula ulipofunguliwa nilirudi shuleni karo ikiwa imelipwa. Abti hapakii tena mbuzi juu ya madumu. Nami kila likizo, Ijumaa asubuhi, hulala chali chini ya gari hilo nikisukuma grisi mpaka niione ikichungulia katika pembe zote 4 za krosi. Kandanda huja baadaye.