Kidogo Tu Haidhuru

Katika malezi tuliyoyapata watu wa rika langu, mgeni haulizi kilichomo chunguni. Huwekewa chakula, hunawa, husema bismillahi, hula, kisha hushukuru. Akibakiza, mwenyeji huingiwa na wasiwasi; akikataa kabisa, huenda likawa neno la kuzungumzwa mtaani mwezi mzima. Mwenyeji naye ana sehemu yake katika adabu hii. Akimwona mgeni anasita, humhimiza kwa maneno ambayo kila msomaji ameyasikia: "Onja japo kidogo, kidogo tu haidhuru." Maneno hayo ni ya upendo. Hata hivyo, kwa baadhi ya watu ni maneno ya hatari, nami nilipata kuyatafakari vizuri zaidi mahali nisipopatazamia, yaani mezani ndani ya meli ya watalii.

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Alikulia kwenye kamba, kaa na pweza, na ujanani hakuna alichokula kikamdhuru. Alipopita umri wa miaka arobaini mwili wake ukabadilika. Mara ya kwanza midomo ilimwasha baada ya kula kamba. Mara ya pili akatokwa na vipele mwili mzima. Mara ya tatu uso ukavimba. Madaktari huiita hali hii mzio. Vijana wetu husema aleji. Maana yake ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hukidhania chakula kuwa adui, ikakishambulia kwa nguvu hata ikamdhuru mwenyewe. Mzio wa kamba na kaa una tabia ya kuwaanza watu hata ukubwani, na mara nyingi haumtoki mtu tena.

Mwaka 2011 tulialikwa arusini katika ukumbi mmoja. Hakugusa kamba. Alikula sambusa mbili za nyama. Robo saa haikupita, sauti ikamkauka, kifua kikambana, na macho yakafumbwa na uvimbe. Tulimkimbiza hospitali, akadungwa adrenalini, na Mungu akajalia. Baadaye ilijulikana kwamba sambusa zile zilikaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaanga kamba. Hakuna aliyemtakia mabaya, wala mafuta hayana alama ya kuonyesha yalipopita. Tangu siku hiyo neno "kidogo tu" liliondoka katika msamiati wa nyumba yetu.

Jambo la ajabu ni kwamba elimu ya hatari hii ilianzia baharini. Mwaka 1901 Mwana Mfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa utafiti wa bahari, aliwachukua katika merikebu yake wanasayansi wawili wa Kifaransa, Charles Richet na Paul Portier. Huko walianza kuchunguza sumu ya mnyama wa majini aitwaye Physalia, afananaye na yavuyavu. Waliporudi Ufaransa waliendelea kwa kutumia sumu ya mnyama mwingine wa baharini, wakiwadunga mbwa. Walitazamia kwamba mbwa aliyevumilia dozi ya kwanza angekuwa amezoea. Ikawa kinyume. Mbwa aliyekuwa mzima kabisa, alipodungwa tena baada ya majuma kadhaa, tena kwa kiasi kidogo, alianguka na kufa upesi. Mwaka 1902 waliipa hali hiyo jina la anafilaksi, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa lugha nyepesi, mwili una kumbukumbu, na unapokumbuka vibaya haujali kipimo. Ndiyo maana "kidogo tu" haiwezi kuwa hoja.

Mwaka 2018 tulitimiza miaka arobaini ya ndoa, na watoto wetu waishio Marekani wakatuchangia safari ya siku saba kwa meli, kutoka Miami kupitia Jamaika hadi kisiwa cha Cozumel nchini Meksiko. Mke wangu alifurahi, kisha akanyamaza. Nilijua anachowaza. Arusini tulikuwa na teksi mlangoni na hospitali mtaa wa pili. Katikati ya bahari kuna daktari wa meli na chumba chake cha matibabu, lakini hospitali kubwa iko ng'ambo ya maji.

Binti yetu alitueleza kwamba makampuni ya meli huwataka wasafiri wenye mahitaji maalumu ya chakula wayaeleze mapema, majuma kadhaa kabla ya kuondoka. Basi nikashika kalamu. Katika shule ya bweni, ambako mamia ya vijana hula kutoka jiko moja, maelezo ya mdomo huishia mlangoni. Yaliyoandikwa hufika kwa mpishi. Niligawa mahitaji yetu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza: kinachoweza kuua, yaani kamba, kaa, kambakochi, na kila kilichochemshwa, kilichokaangwa au kuungwa pamoja navyo. Fungu la pili: kinachodhuru polepole, yaani sukari na wanga mwingi kwangu mimi mgonjwa wa kisukari. Fungu la tatu: tusichokula kwa imani yetu, yaani nguruwe na vyakula vyenye pombe.

Huenda msomaji akauliza faida ya kuyatenga. Ni kwamba mpishi akipewa orodha ndefu isiyo na daraja, hulichukulia kila jambo kwa uzito mmoja, na mara nyingi uzito huo ni mdogo. Nikila kipande cha keki kwa bahati mbaya, sukari itapanda nami nitaishusha. Tukila tusichokijua, Mola ni mwingi wa kusamehe. Lakini kamba mmoja ndani ya sosi hangojei msamaha.

Inafaa pia kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 iliwataka watengenezaji wa vyakula vya pakiti wataje vyakula vinane vinavyosababisha mizio mikubwa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, njugu za mitini kama korosho na lozi, ngano na soya. Ufuta uliongezwa ukawa wa tisa kuanzia Januari 2023. Lakini chaza, ngisi na pweza hawamo katika orodha hiyo, wakati Umoja wa Ulaya una orodha ya vyakula kumi na vinne inayowataja. Kwa hiyo atakayesema tu "sili vya baharini" ajue kwamba kila mpishi atamwelewa kwa namna yake.

Jibu la kampuni lilikuwa la uungwana na la kweli. Walisema watajitahidi, ila hawawezi kuahidi kwamba hakuna chembe itakayopita, kwa sababu jiko ni moja na linahudumia maelfu. Wengine huchukizwa na jibu kama hilo. Mimi lilinipa imani, kwa kuwa anayekiri mpaka wa uwezo wake amefikiri. Sehemu iliyobaki ilikuwa yetu. Binti alipata kwa cheti cha daktari sindano mbili za adrenalini zilizo mfano wa kalamu, zinazodungwa upande wa nje wa paja. Mbili, kwa sababu mara nyingine moja haitoshi. Hazikuwekwa katika sanduku wala chumbani, bali katika mkoba wa mke wangu, naye mkoba haukumtoka begani. Na mimi nilifundishwa kuzitumia, maana anayebanwa koo huenda asiweze kujidunga mwenyewe.

Usiku wa kwanza mkuu wa wahudumu alikuja mezani. Alikuwa mtu wa Goa, mpole, wa umri wa mwanangu mkubwa. Alikuwa na karatasi yetu mkononi. Kila usiku, baada ya chakula, alimletea mke wangu orodha ya vyakula vya kesho yake ili achague mapema, na jikoni vipikwe kwa chungu na kikaango vya peke yake. Alituomba tuziepuke meza za kujipakulia, si kwa kuwa chakula chake ni kibaya, bali kwa sababu upawa wa kila mtu ni upawa wa wote: mmoja huutoa kwenye sosi ya kamba akautia kwenye wali, na baada yake hakuna ajuaye.

Usiku wa tatu mhudumu wetu alikuwa mapumzikoni, na kijana mwingine akashika zamu. Alileta supu ya mboga yenye harufu nzuri. Mke wangu alishika kijiko, akakiweka chini, akamwuliza kama hiyo ndiyo aliyopikiwa. Kijana akatabasamu, akasema, "Nadhani ndiyo, mama." Nilimwona mke wangu akipambana na malezi yake. Watu wa meza ya jirani walikuwa wakitutazama. Kijana alikuwa na adabu, sinia limemwelemea, na kumwuliza mara ya pili ni kama kumwambia mtu kwamba humwamini. Akamwuliza mara ya pili. Mkuu wa wahudumu akaja, akaichukua bakuli, akaenda nayo jikoni. Aliporudi alisema kwamba supu ile ilikuwa ya meza nyingine, na maji yake yalichemshiwa maganda ya kamba. Kisha akamwinamia mke wangu na kumwambia maneno ambayo sitayasahau: "Mama, mtu akikujibu 'nadhani', usile."

Usiku ule hatukulala mapema. Mke wangu alisema kwamba kuuliza mara ya kwanza ni rahisi, kwani hata adabu inaruhusu. Kazi ni kuuliza mara ya pili, jibu linapokuwa la upole lakini halina uhakika. Nilimjibu kwamba nimewafundisha vijana miaka mingi kuwa kuuliza si ujinga, na kwamba yeye amenifundisha zaidi ya hapo: kuuliza si dharau. Kijana yule hakupungukiwa heshima kwa kuulizwa. Angepungukiwa amani ya moyo maisha yake yote kama asingeulizwa.

Wajibu huu una upande wa pili. Mezani kwetu kulikuwa na bwana mmoja aliyetangaza kuwa ana mzio wa vitunguu. Siku ya nne nilimkuta staha ya juu akitafuna vitunguu vya kukaanga kwa raha zake. Havipendi vya kuchemshwa, basi. Hilo ni haki yake, lakini angesema "sivipendi". Kila anayeazima neno la wagonjwa kwa ajili ya kuchagua ladha humfanya mpishi alipuuze neno hilo siku litakapotamkwa na mtu ambaye kweli anaweza kufa.

Tulipofika Cozumel tulishuka na kadi ndogo ambayo binti alituandikia kwa Kihispania. Mpishi wa mgahawa wa ufukweni aliisoma, akatikisa kichwa, akaonyesha kikaango chake kimoja. Hatukula pale. Alitupa mkono na kutuuzia maji ya dafu. Sikuona ukarimu uliopungua hapo.

Kwetu huku, kalamu zile za adrenalini si rahisi kuziona katika maduka ya dawa ya kawaida, ingawa adrenalini yenyewe imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka nguvu zetu katika kuuliza. Anayealika arusi anaweza kuuliza anapopeleka kadi. Mpishi wa shughuli anaweza kutenga karai moja la mafuta. Mzazi anayempeleka mtoto bweni aandike kwa herufi kubwa kile kisichoingia mdomoni mwake, na shule iibandike karatasi hiyo ukutani jikoni, si katika faili la ofisini.

Siku hizi wageni wakija kwangu, mke wangu huwauliza kabla jiko halijawashwa: "Kuna kitu msichokula?" Wazee wengine hushangaa, na mmoja alicheka akasema tumekuwa Wazungu. Mwaka jana mwanamke kijana, mchumba wa mpwa wangu, alisikia swali hilo akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba karanga humvimbisha koo, na kwamba alikuwa anaona haya kututajia. Mchicha wa karanga ulikuwa umekwisha kupangwa. Ukapikwa wa nazi, na sote tukaula.