Nilivyomtangaza McAuliffe mshindi

Niliwaambia jamaa zangu wa Virginia ya kaskazini, tena kwa kujigamba, kwamba Terry McAuliffe, mgombea ugavana wa jimbo hilo la Marekani kwa chama cha Democratic, ameshapita, imebaki kuapishwa tu. Tarehe 2 Novemba 2021 akaangushwa na Glenn Youngkin, mgombea wa Republican, tajiri wa uwekezaji ambaye hakuwa amewahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Walinicheka wakachoka. Utabiri kwenda kombo si dhambi. Dhambi yangu ni kwamba dalili nilikuwa nazo zote, na kila iliyonikera niliipa maana niliyoitaka mimi.

Mwaka 2020, kwenye uchaguzi wa rais, Joe Biden wa chama hicho hicho cha Democratic alishinda jimbo hilo kwa tofauti ya asilimia 10 hivi, nami nikamwekea McAuliffe kura zile zile kama fedha iliyokwisha kuingia benki. Nilijua fika kwamba tangu miaka ya 1970 chama cha rais aliye madarakani hupoteza ugavana wa Virginia. Lakini ni McAuliffe huyo huyo aliyevunja mwiko huo mwaka 2013, basi nikajibu kwamba haumhusu. Sikumwambia mtu kuwa alimpita Ken Cuccinelli wa Republican kwa asilimia 2.5 tu, huku mgombea wa tatu akiondoka na zaidi ya asilimia 6. Kura za maoni nilizozitaja kila mahali zilikuwa za Agosti. Za mwisho wa Oktoba, wagombea wakiwa bega kwa bega, nilizisoma nikanyamaza.

Mwishoni mwa Septemba, kwenye mdahalo, McAuliffe akasema haoni kwamba wazazi ndio wa kuziambia shule zifundishe nini. Nikasema ulimi umeteleza, yatapita. Hayakupita, maana Youngkin aliyafanya tangazo la kila siku. Nami naishi miongoni mwa watu ambao watoto wao walisoma nyumbani kwa kompyuta karibu mwaka mzima wa korona. Dada mmoja wa kwetu, anayefanya kazi za usiku kulea wazee, alinieleza jinsi mwanawe alivyosahau hata kusoma kwa sauti. Alitaka kujua gavana atamfanyia nini. Nikamhutubia kuhusu Trump!

Hivyo ndivyo ilivyofanya kampeni ya McAuliffe yenyewe. Kila swali lilijibiwa kwa Trump, na Youngkin, aliyepokea baraka za Trump bila kusimama naye jukwaani, akabaki na kizibao chake cha baridi akizungumzia shule na kodi ya vyakula dukani.

Baada ya kushindwa nilifanya kosa la pili, na hili ndilo linaloniuma. Nilitangaza kwamba watu wetu walilala majumbani, nikawakaripia vijana kwa majina. Matokeo rasmi yalinikanusha. McAuliffe alipata kura takriban milioni 1.6, wakati Ralph Northam, mgombea wa Democratic aliyemtangulia, alishinda mwaka 2017 kwa milioni 1.4 tu. Watu walijitokeza kwa wingi kuliko uchaguzi wa ugavana uliotangulia, ila waliojitokeza kwa Youngkin walikuwa wengi zaidi, kwa kura 60,000 na ushei. Niliwaita wavivu watu waliokuwa wamepanga foleni kabla ya kwenda kazini, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukiri kwamba mgombea wangu aliulizwa jambo moja akajibu jingine. Sikuwahi kuwaomba radhi. Nawaomba sasa, na lile karipio nalifuta.