Elfu Tatu za Mtu wa Kulala Nje

Mwezi wa sita mwaka wa 2022, mimi na rafiki yangu tuliandika insha mbili kuhusu bunduki kwa usiku mmoja. Yangu ilitetea haki ya raia wa Marekani kumiliki bunduki. Yake ilisema haki hiyo iwekewe mipaka mikali. Wanafunzi wawili huko ng'ambo walitulipa bila kutujua, na sisi hatukuwajua. Tulichojua ni idadi ya kurasa, saa ya kuwasilisha, na kwamba tokeni za stima zilikuwa zinaelekea kuisha.

Kama umeishi Roysambu, Zimmerman ama Kahawa, hii kazi unaijua. Unakodi akaunti ya mtu, anakata pesa yake, unabaki na yako. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Rafiki yangu aliacha muhula mmoja baada yangu. Tangu hapo tumeandika insha za chuo nyingi kuliko zile ambazo tungeandika kama tungebaki chuoni. Tulikuwa tunashare bedsita moja, meza moja na laptopu mbili, moja ikiwa haina kitufe cha herufi "e".

Msimu huo oda za bunduki zilimiminika. Mei 24, kijana mmoja aliingia shule ya msingi mjini Uvalde, Texas, akaua watoto 19 na walimu wawili. Mwezi mmoja baadaye, Mahakama ya Juu ya Marekani ikabatilisha sheria ya New York iliyomtaka mtu aonyeshe sababu maalum kabla ya kuruhusiwa kutembea na bastola. Walimu wa huko wakawapa wanafunzi swali, na wanafunzi wakatupa sisi.

Sitadanganya, nilifurahia. Nilisoma Marekebisho ya Pili ya katiba yao, ya mwaka wa 1791, sentensi moja tu ambayo imewagombanisha hadi leo. Inataja wanamgambo, kisha inataja haki ya watu kuwa na silaha. Je, haki ni ya kikosi ama ya mtu mmoja mmoja? Mwaka wa 2008, katika kesi ya Heller, majaji watano dhidi ya wanne walisema ni ya mtu mmoja mmoja, nyumbani kwake, kujilinda. Rafiki yangu naye alikuwa na Australia: mwaka wa 1996 mtu mmoja aliua watu 35 pale Port Arthur, na serikali ikabadilisha sheria na kununua kutoka kwa raia bunduki zaidi ya laki sita, zikaharibiwa. Mimi nikamjibu kwamba Marekani raia wana bunduki nyingi kuliko idadi ya watu, sasa utazikusanya aje? Tulibishana tukila chapo ndengu hadi jirani akagonga ukuta.

Aya yangu nzuri zaidi ilihusu mtu anayeishi mbali na mji. Niliandika kwamba sheria hutungwa na watu wanaoishi karibu na kituo cha polisi. Niliipenda sana hiyo sentensi. Niliiandika kama inamhusu mkulima fulani wa Montana.

Mimi natoka Bonde la Kerio, upande wa Marakwet. Rafiki yangu anatoka ng'ambo ya mto, Pokot. Chuoni watu walishangaa tukikaa pamoja. Lakini Nairobi ukipatana na mtu anayejua ladha ya embe la Kerio na anayejua kulala na masikio wazi, huyo ni ndugu yako.

Oktoba mwaka huo anko wangu alinipigia simu.

"Chamge, kijana wangu."

"Chamge mising, anko."

Akauliza kazi, akauliza baridi ya Nairobi, akauliza kama nimeoa. Halafu akasema kumekuwa na kikao. Kila boma lenye mtoto anayefanya kazi mjini, elfu tatu.

"Ya nini, anko?"

"Ya mtu wa kulala nje."

Hakuna anayetaja bunduki kwa simu. Lakini nilielewa. Mtu wa kulala nje hawezi kulala nje na rungu.

Anko wangu alikuwa KPR, askari wa akiba. Serikali ilimpa bunduki, haikumpa mshahara. Miaka mingi alilala mchana na kukesha usiku, akilinda mbuzi ambao wengi hawakuwa wake. Mwaka wa 2019 serikali ikaagiza askari wa akiba warudishe bunduki ili wahakikiwe upya. Anko alikuwa wa kwanza kupeleka yake, ameipangusa, risasi zimehesabiwa. Alipewa karatasi. Hiyo karatasi bado anayo, ndani ya Biblia.

Nikamweleza sheria, si mimi ndiye msomi. Nikamwambia katiba yetu ya 2010 inatupa haki ya uhai na haki ya usalama wa mtu, lakini hakuna mahali inasema bunduki ni haki yako. Kenya bunduki ni leseni. Unaomba, unaonyesha sababu, unachunguzwa, na wanaweza kuichukua. Mwenye leseni kwetu ni mfanyabiashara wa mjini aliyeficha bastola chini ya koti. Siku ya Westgate, mwaka wa 2013, raia wa aina hiyo walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuokoa wenzao, na hilo nalo nilimwambia. Lakini ile ya kununuliwa porini haina leseni. "Anko, ukishikwa nayo ni jela, na si ya mwezi mmoja."

Alinisikiliza hadi mwisho. Ndivyo alivyo.

"Sasa wakija usiku," akasema, "nimpigie nani?"

"Polisi."

"Tulipiga mwaka jana. Waliniambia gari halina mafuta. Walifika asubuhi, wakaandika idadi ya mbuzi."

Nikanyamaza. Akanikumbusha Murkutwo, Machi 2001, wakati makumi ya watu waliuawa kwa asubuhi moja bondeni. Mimi nilikuwa na miaka miwili. Mama alinibeba mgongoni akapanda nami ukingo wa mlima hadi juu, bila viatu. Hii hadithi kwetu haisimuliwi ili ulie. Inasimuliwa mtu akikuomba kitu.

Nilimwambia nitaona vile nitafanya.

Wiki hiyo hiyo rafiki yangu alitoka nje kuongea na simu, akarudi amekaa kimya. Nilijua kabla hajasema. Mama yake. Kikao. Kila kijana wa mjini, elfu mbili.

"Wanasema nyinyi mmeshanunua," akaniambia.

"Anko anasema nyinyi ndio mmenunua."

Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka. Ile elfu tatu yangu ingenunua sehemu ya bunduki, na hiyo bunduki ingekuwa sababu ya kikao kingine ng'ambo ya mto, na hicho kikao kingempigia simu kijana anayekula nami sahani moja. Katika kurasa zote tulizoandika, anayejilinda alikuwa upande mmoja na mhalifu upande mwingine. Kwetu kila mtu anajilinda. Ukiuliza kila boma kutoka Tot hadi Kolowa, hutapata hata moja lililonunua bunduki ya kushambulia.

Tukakubaliana hakuna atakayetuma. Hatukupeana mikono, hatukuapa. Tulisema tu, "Basi, hatutumi," tukarudi kwa oda.

Januari 2023 wakaja. Wakachukua mbuzi wa maboma matatu, pamoja na wa anko. Binamu yangu, kijana wa miaka 17, alipigwa risasi mguuni akijaribu kufunga lango. Aliishi. Hadi leo anachechemea, na mpira hachezi tena. Mwezi uliofuata serikali ilipeleka jeshi katika kaunti sita za Kaskazini mwa Bonde la Ufa na kuwataka wenye silaha haramu wazisalimishe. Nilitazama hizo habari kwa simu, binamu yangu akiwa bado wodini.

Anko hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Rafiki yangu hakunitazama usoni kwa siku kadhaa. Halafu usiku mmoja, tukingoja waifai irudi, akasema, "Nilituma. Elfu mbili. Mama alilia, nikashindwa."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa, hata maneno nilikuwa nayo. Lakini kuna kitu ambacho hakukijua, na ambacho sijawahi kumwambia mtu hadi ninapoandika hapa. Mimi sikutuma kwa sababu sikuwa nazo. Mwenye akaunti alichelewesha malipo miezi miwili, nyumba ilikuwa inadaiwa, nilikuwa nimesota kabisa. Malipo yalipoingia, Januari, jambo la kwanza nililofanya ni kufungua M-Pesa na kuandika namba ya anko. Elfu tatu. Nilikuwa bado sijabonyeza tuma, dada yangu akapiga simu kusema wamekuja.

Hiyo pesa ilienda hospitali. Kwa hivyo mikono yangu ni safi kwa bahati, si kwa msimamo. Nilimwambia rafiki yangu hivyo, tukakaa gizani tukisikiliza mathree za Thika Road.

Siku hizi nikisikia watu mtandaoni wakisema Wakenya nao wapewe haki ya kubeba bunduki kama Wamarekani, au wengine wakisema mfugaji mwenye bunduki ni jambazi tu, anyang'anywe, naona wote wameruka swali la anko. Sisemi bunduki ingemlinda binamu yangu. Pengine ingempata mtoto wa watu ng'ambo ya mto, na huyo mtoto ana jina ambalo rafiki yangu analijua. Lakini huwezi kumwambia mtu aweke silaha chini, kisha akikupigia usiku uko nje ya mtandao. Alirudisha bunduki alipoombwa. Aliyeahidi kuja hakuja. Huo ndio mjadala wa bunduki ninaoujua mimi, na hauko katika insha yoyote niliyoandika.

Zile insha mbili bado ziko kwa laptopu yangu. Juzi nilizifungua. Ya rafiki yangu ni nzuri kuliko yangu, sikuwahi kumwambia. Katika yangu nilitafuta ile aya ya mkulima wa Montana, nikaisoma mara mbili. Halafu nikampigia anko, bila sababu. Ilikuwa saa tano usiku. Alishika kabla simu haijalia mara ya pili.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna, anko. Nilikuwa najaribu tu kama unashika."

Akanyamaza kidogo. "Mimi nashika," akasema.